Miaka Yangu Minne na Lumia 520

Kifuniko cha nyuma cha Lumia 520, simu ya Nokia, kilikuwa na ufundi wake. Unakandamiza kidole gumba penye kamera, kucha za mkono wa pili zinavuta ukingo, na ganda lote linabanduka kama ganda la yai lililochemshwa. Ndani unakuta betri, laini na kadi ya kumbukumbu. Nimelibandua hivyo mara zisizohesabika na halikuwahi kuvunjika.

Niliinunua mwaka 2013, mwaka uleule ilipotoka, na hadi leo naisifu bila kusitasita. Ilikuwa na RAM ya megabaiti 512 tu, lakini kioo kilifuata kidole kama maji. Windows Phone, mfumo wa Microsoft ulioiendesha, iliundwa kwa uangalifu: badala ya safu za alama zilizolala, ulipata vigae vilivyogeuka vyenyewe. Kigae cha mama nilikiweka juu kabisa. Nilikuwa nikiona sura yake ikigeuka, upande wa pili unatokea ujumbe wake, kabla sijafungua chochote. Haikuwa na taa ya kamera wala kamera ya mbele, na ukiinunua ulijua hivyo.

Ramani ndizo zilizonifunga nayo. Nilipakua ramani nikiwa kwenye Wi-Fi, kisha natoka bila bando. Usiku mmoja wa mvua, nikiwa mgeni katika mji nisioujua, sauti ya simu iliniongoza kona kwa kona hadi mlangoni nilikokuwa naenda.

Simu kama hii ilizaliwa kwenye shida. Februari 2011, Stephen Elop, aliyekuwa ametoka Microsoft miezi michache tu kabla ya hapo kuja kuiongoza Nokia, aliwaandikia wafanyakazi akiifananisha kampuni na mtu aliyesimama juu ya mtambo wa mafuta unaowaka moto baharini. Siku chache baadaye, tarehe 11, alisimama London pamoja na Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, na kutangaza kwamba Windows Phone ndiyo itakayokuwa mfumo mkuu wa simu janja za Nokia. Symbian, mfumo wa Nokia wa awali, ikawekwa kando. Nokia ilijua kutengeneza simu, kamera na ramani. Microsoft ilikuwa na programu na fedha. Kwangu mimi, kazi ya mikono yao ilikuwa nzuri kweli. Hilo sitalibadilisha.

Kilichokosekana ni wageni. Watumiaji walikuwa wachache, basi waundaji wa programu wakasita. Nao waliposita, watumiaji hawakuongezeka. Instagram yenyewe ilifika Novemba 2013, tena ikiwa ya majaribio. Kwangu pigo lilitoka benki. Walipoanza kutoa huduma kwa programu ya simu, nilikwenda kaunta kuomba msaada wa kuipakua. Dada aliyenihudumia aliipokea simu, akavitazama vigae vikigeuka, akanirudishia kwa mikono miwili. "Kaka, simu yako haimo kwenye orodha." Nikaendelea kupanga foleni kwa zaidi ya mwaka, kwa sababu sikutaka kuiacha.

Wakati huo Microsoft ilikuwa imekwisha kukinunua kitengo cha simu cha Nokia. Mpango wa euro bilioni 5.44 ulitangazwa Septemba 2013 na ukakamilika Aprili 2014. Julai 2015 Microsoft ikafuta dola bilioni 7.6 vitabuni kama hasara na kutangaza kuachisha kazi watu wasiozidi 7,800. Habari ile iliniuma. Niliwafikiria waliochonga ule ukingo wa kifuniko mpaka ukakaa sawasawa kiganjani.

Niliiacha 2017. Ukiikuta leo inauzwa, usiichukue kwa mawasiliano: WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Windows Phone mwisho wa 2019. Yangu iko kando ya kitanda, betri bado inashika chaji, na kila asubuhi saa kumi na moja na nusu ndiyo inayoniamsha.