TAHADHARI: Usinunue "tiketi" ya kuingia Notre-Dame, Paris. Kuingia ni bure

Ndugu zangu mnaosoma Ulaya, na nyie mnaopanga kupita Paris siku mbili tatu kabla ya kurudi nyumbani, naomba msome hii kabla hamjaandika namba za kadi ya benki popote. Kuingia kanisa kuu la Notre-Dame ni bure. Hakuna tiketi ya mtu mzima, hakuna ya mwanafunzi, hakuna ya "kupita bila foleni". Mimi na rafiki yangu tuliuziwa, yuro 34 kila mmoja, na hizo pesa wala hazikuwa hasara kubwa zaidi ya safari ile.

Tunasoma Ubelgiji, wote wawili tuko chini ya miaka 26. Septemba 2025, kabla muhula haujaanza, tukapanga kwenda Paris Ijumaa na kurudi Jumapili. Kutoka Brussels kwa treni ya mwendo kasi ni kama saa moja na nusu tu. Tulikuwa tumejibana kiangazi kizima kwa ajili ya siku hizo tatu. Wiki tatu kabla, nikatafuta kwenye simu tiketi za wanafunzi za Notre-Dame na za makumbusho ya Louvre. Tovuti iliyotokea juu kabisa ilikuwa na picha nzuri ya kanisa, rangi za bendera ya Ufaransa, na neno "rasmi" ndani ya jina lake. Pembeni kulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma: dakika 9, nafasi 3 zimebaki. Rafiki yangu yuko begani kwangu, "Lipa dada, zitaisha." Nikalipa za wote wawili, yuro 68, kifurushi cha kanisa na makumbusho kwa pamoja.

Nimeirudia ile tovuti baadaye kwa utulivu, na nataka muone inavyofanya kazi. Juu ya jina lake kwenye matokeo ya utafutaji kuna kineno kidogo kinachosema ni tangazo, yaani mtu kalipia kukaa pale. Chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi ya kijivu yaliyofifia juu ya weupe, wameandika kwamba wao ni "wakala huru wa huduma za utalii" na kwamba bei ni "ada ya huduma". Hapo ndipo penye mtego. Ukiwalalamikia watakuambia hawakukuuzia tiketi ya kanisa, walikuuzia huduma. Huduma gani, hawasemi.

Na kuna dalili moja ambayo ningeijua ingeniokoa pale pale. Kanisa lenyewe linaruhusu kuweka nafasi, bure, kwenye tovuti yake ya notredamedeparis.fr, na hata hiyo nafasi si lazima, inakupunguzia tu kusimama. Ila nafasi hizo hufunguliwa siku chache tu kabla ya siku yenyewe. Mimi niliuziwa nafasi ya wiki tatu mbele! Haikuwepo, isingeweza kuwepo. Mbuzi kwenye gunia huwa angalau ni mbuzi. Hapa gunia lilikuwa tupu.

Wanachochezea hawa watu ni hamu. Kanisa lilifungwa tangu moto wa tarehe 15 Aprili 2019, likafunguliwa tena Desemba 2024, na kila anayefika Paris sasa anataka kuliona kabla ya kitu kingine chochote. Mtu mwenye hamu na mwenye siku mbili tu mkononi hasomi maandishi ya kijivu.

Ijumaa asubuhi tukafika kwenye uwanja wa mbele ya kanisa. Kuna njia mbili, ya walioweka nafasi na ya wasioweka. Tukaenda ile ya kwanza tukijiamini kabisa. Kijana wa mlangoni akapitisha kifaa chake juu ya msimbo wa QR kwenye simu yangu, kikalia mlio mfupi. Akajaribu tena. Kisha akaigeuza simu kunielekea, akaweka kidole gumba chini ya ile bei, yuro 34, akaniambia taratibu kwa Kiingereza, "Hii si yetu. Hapa halipi mtu." Akatuonyesha njia ya pili. Nyuma yetu kulikuwa na dada mmoja na mama yake, na simu aliyoshika ilikuwa na picha ileile ya kanisa, rangi zilezile za bendera. Alikuwa amesikia yote. Akaushusha mkono polepole, akamwambia mama yake neno, wote wawili wakatoka kwenye mstari.

Rafiki yangu hakusema kitu. Alikuwa ameshika karatasi tuliyoichapa chuoni, ameikunja mara nne. Njia ya pili tulisimama dakika 20 hivi, tukaingia. Ndani mawe yamesafishwa, meupe karibu na rangi ya maziwa, na rangi za vioo vya madirisha zinaonekana ukutani waziwazi. Ni pazuri. Mimi nilipaangalia huku nina fundo kooni, na hilo nalo nawadai wale watu. (Kinacholipiwa pale ni kupanda minara na kuingia chumba cha hazina. Kanisa lenyewe, hapana.)

Pigo kubwa likaja mchana. Kifurushi chetu kilisema mwongozaji atatupokea saa 8 kwenye sanamu ya Louis XIV juu ya farasi, karibu na piramidi ya kioo ya Louvre. Sanamu ipo, vikundi vinakutana pale kweli, ndiyo maana tuliamini. Tukasubiri mpaka saa 9 na nusu. Namba ya simu tuliyopewa haikuita. Tukaenda mlangoni, tukaonyesha vibali vya ukaazi. Mlinzi akasema ni kweli, nyie kuingia ni bure, lakini hata wa bure anatakiwa awe ameweka saa yake mapema. Leo zimejaa. Kesho? Zimejaa.

Tulikaa kwenye ukingo wa bwawa la maji pale nje, watu wanaingia na kutoka. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa akiitaja Louvre tangu mwaka wetu wa kwanza. Ile nafasi ya bure tungeiweka wenyewe kwenye ticket.louvre.fr wiki tatu zile zile, bila kutoa senti. Hatukuiweka kwa sababu tuliamini tayari tunazo tiketi. Kwa hiyo waliotuuzia hewa walituchukulia pia kitu cha kweli kilichokuwa chetu.

Hili la bure nalisema kwa nguvu kwa sababu wengi wetu hatulijui. Tangu 2009, makumbusho na majengo ya taifa ya Ufaransa hayatozi wenye miaka 18 hadi 25 wanaoishi nchi za Umoja wa Ulaya. Wanaoishi, sio raia peke yao. Pasipoti yako ya Tanzania au Kenya haikuzuii, mradi una kibali cha ukaazi cha nchi unayosoma. Beba kadi yenyewe, usitegemee picha ya simu. Louvre imo, makumbusho ya Musée d'Orsay imo, kanisa la Sainte-Chapelle, jengo la Panthéon na lango la Arc de Triomphe pia. Jumamosi tulipanda Arc de Triomphe, ngazi 284, hatukulipa chochote. Wa chini ya miaka 18 hawalipi hata wakitoka nje ya Ulaya. Wengine mtalipa, lakini nunueni kwa makumbusho yenyewe, na kumbukeni Louvre hufungwa Jumanne. Tovuti itakayokuuzia tiketi ya Jumanne imejianika.

Kuhusu benki. Jumatatu nimerudi chuoni, ukaingia ujumbe kwamba kadi yangu imekatwa yuro 49 za "uanachama". Niliposajili malipo ya kwanza kumbe kulikuwa na kiboksi kilichokwisha tikiwa. Nikapiga simu benki saa ileile, wakafunga kadi, nikawatumia picha za skrini za tovuti, risiti na barua pepe. Zile 49 zimerudi. Zile 68 bado wanachunguza, maana nililipa mwenyewe kwa hiari. Kama nawe umelipa, usingoje makato ya pili: funga kadi leo, na uwapigie picha kurasa zao kabla hawajazifuta. Nchi zote za Umoja wa Ulaya zina kituo cha kusaidia watumiaji walionunua kutoka nchi nyingine ya umoja huo, na huduma yao ni bure.

Mengine mawili kwa haraka. Stesheni ya Gare du Nord, kwenye mashine za tiketi, alitufuata mwanaume aliyevaa kitambulisho shingoni, akasema mashine haikubali kadi za nje, atatununulia yeye kwa kadi yake, tumpe yuro 20 kila mmoja kwa "pasi ya siku mbili". Rafiki yangu alishawahi kuonywa, akanivuta mkono. Wanachofanya ni kukununulia tiketi moja ya mtoto, nusu ya nauli, na ukikutwa nayo ndani ya treni faini ni yako. Mashine ilikubali kadi zetu vizuri tu. Tiketi ya metro wakati huo ilikuwa yuro 2.50, kadi ya Navigo Easy ya kuiwekea yuro 2, na kila mtu lazima awe na yake.

Na mtaani Montmartre, chini ya ngazi za basilika la Sacré-Cœur, kuna vijana wenye nyuzi za rangi. Watakusalimia kindugu, wengine hata kwa "Hakuna matata". Ukitoa mkono, uzi umeshafungwa kidoleni na bei inaanza kutajwa. Weka mikono mifukoni, pita. Basilika nalo kuingia ni bure.

Mtaniuliza kwa nini sitaji jina la tovuti. Jana usiku niliitafuta tena nikiwa na nia ya kulitaja. Jina nililolipia halipo. Juu kabisa ya matokeo kuna jina lingine, lina neno "rasmi", lina picha ileile ya kanisa. Nikaifungua. Saa ilianza kuhesabu kutoka dakika 9, nafasi 3 zimebaki. Nikaifunga, nikafungua tena. Dakika 9, nafasi 3.