System Reference Document 5.1: kipimo chetu cha mapigo ya kutunga wenyewe

Unaendesha meza ya Dungeons & Dragons na unapenda kuwatungia wachezaji mapigo mapya? Pakua hili faili leo: ndilo lenye sheria za msingi za mchezo huo wa mezani, ambao kila mchezaji anaigiza mhusika na dadu ndizo zinazoamua. Ni bure, lina kurasa zaidi ya 400, na tangu Januari 2023 liko chini ya leseni ya Creative Commons, ile ya CC-BY 4.0. Maana yake unaruhusiwa kulinakili, kulitafsiri, kulikatakata, hata kuuza ulichotunga juu yake, mradi utaje lilikotoka. Kwa sisi tulio Tanga, ambao vitabu vya mchezo huu ni vya kuagiza na kungoja, hiyo ni neema kubwa. Toleo la 5.2 limetoka 2025, lakini meza yetu ya Chumbageni imezoea la 5.1, na ndilo ninaloliongelea.

Niseme mapema kwamba humu hamna sura ya kukufundisha kutunga uwezo wa vita. Ni sheria tu: fani za wahusika (mpiganaji, mwizi na kadhalika), silaha, uchawi, majitu ya kupigana nayo. Kila fani imepewa tawi moja tu la kubobea, kwa hiyo mpiganaji anaonekana mkavu kuliko alivyo kwenye vitabu kamili. Kujifunza ni kazi yako, kwa kulinganisha ulichoandika wewe na kilichomo tayari. Na kwa kulinganisha, faili hili limeshiba kwelikweli.

Mpwa wangu anacheza mwizi wa levo ya 5. Kwenye harusi za upande wa mama yake, Pemba, ameona watu wakicheza kirumbizi: huyu anarusha fimbo, yule anaikinga na kurudisha papo hapo. Akaja na uwezo ameuandika kwenye daftari: adui akikukosa kwa silaha ya mkononi, tumia kitendo chako cha kujibu, kile cha nje ya zamu yako, umpige. "Mjomba, si pigo moja tu?" Ukilisoma harakaharaka, ni pigo moja kweli. Sasa fungua ukurasa wa mwizi, usome Sneak Attack, lile pigo la kuvizia. Linaruhusiwa mara moja kwa zamu. Kwa zamu, si kwa raundi, ule mzunguko mzima wa zamu za wote! Zamu ya adui ni zamu nyingine. Kwa hiyo kijana anavizia kwenye zamu yake, dadu 3 za pande 6, halafu adui akimkosa anavizia tena, dadu 3 nyingine. Ni wastani wa madhara 10.5 ya nyongeza, juu ya silaha yenyewe, kila raundi anayokoswa. Mpiganaji aliyekaa pembeni yake, kwa uwezo uleule, angepata pigo la silaha basi.

Dawa nayo imo humohumo. Pigo la kuvizia linadai silaha ya kupigia mbali au yenye sifa ya wepesi (finesse), na ukiangalia jedwali la silaha, fimbo (quarterstaff) haina sifa hiyo. Tukaongeza maneno machache: uwezo huu unafanya kazi ukiwa umeshika fimbo tu. Kirumbizi kikabaki kirumbizi, na kijana sasa ana uamuzi wa kufanya kila vita inapoanza, ashike jambia au ashike fimbo. Uwezo unaomlazimisha mchezaji kuchagua ndio ninaoupenda kuliko wote, na bila lile jedwali nisingejua pa kuukaza.

Angalizo kuhusu uchawi: usiifanye Fireball, ule mlipuko wa moto, iwe rula yako. Ni uchawi wa daraja la 3, dadu 8 za pande 6, wastani 28, kwa kila aliyemo ndani ya futi 20 kutoka pale ulipolipukia. Teremka daraja moja tu, Shatter inatoa wastani 13.5. Panda hadi la 5, Cone of Cold inatoa 36, wakati Fireball ukiipandisha hadi daraja hilohilo inafika 35. Imependelewa, na ukipima uchawi wako kwa hiyo, kila kitu utakachotunga kitazidi. Mimi huanzia kwa Shatter, napanda taratibu.

Kwenye majitu, soma pumzi za madragoni. Dadu moja ya pande 6 inarushwa mwanzo wa zamu, ikitoka 5 au 6 pumzi inaweza kutumika tena. Popo wetu mkubwa wa Mapango ya Amboni anatumia mtindo huohuo kwa ukelele wake, na meza nzima inaitolea macho ile dadu.

Kasoro zipo. Uchawi umepangwa kwa alfabeti, kwa hiyo kulinganisha viwili vya daraja moja ni kurukaruka kurasa. Kwenye simu inachosha macho. Mimi nilichapisha sehemu ya uchawi na ya majitu tu, nikazibaindi kwenye stesheneri moja pale Ngamiani. Kiingereza chake ni kizito kwa vijana, ingawa leseni inaturuhusu kutafsiri, na tumeshaanza na silaha.

Nalipa nyota nne kati ya tano. Ukishalipakua, anza na fani ya mwizi na jedwali la silaha, ndipo uguse uchawi.