Siku saba bila barua: uzoefu wangu na riwaya ya Noeli iliyozunguka kwaya yetu

Kitabu hiki nilikinunua mwezi wa kumi na moja katikati ya mji, hapa Lubumbashi, kwa muuzaji anayetandika vitabu vya mitumba juu ya turubai na kuvifunika haraka mvua inapoanza. Franga 5,000. Jalada lilichanika zamani, na jina likaenda pamoja nalo. Kinaanzia ukurasa wa 7. Ni riwaya ya Kifaransa yenye kurasa 238, ya mapenzi na ya Noeli, na kila sura inafunguliwa kwa mchoro mdogo wa kengele. Mkikutana na kengele hizo kwenye turubai la mtu, ndicho hicho.

Hadithi nitaisema mpaka mwisho, kwa sababu ugomvi wetu wote uko mwishoni.

Ni kijiji cha milima ya Alps, miaka michache baada ya vita. Mwanamke wa miaka 34, binti wa mzee anayetunza kanisa, ndiye anayechambua barua za kijiji kizima katika posta. Tarehe 1 Desemba anafika fundi wa kutengeneza kinanda cha kanisa, kile kikubwa cha mabomba, ambacho hakijalia tangu vita ilipoanza. Kazi ya kusawazisha sauti inataka watu wawili: fundi anaingia ndani katikati ya mabomba, na mwenzake anakaa nje, anabonyeza sauti moja na kuishikilia mpaka aambiwe aende kwenye inayofuata. Mwenzake anakuwa yule mwanamke. Kila jioni akitoka posta anakaa kwenye baridi, anabonyeza, anangoja, na sauti ya mwanaume inamfikia kutoka ndani ya mbao: endelea. Kwa karibu kurasa 90 hilo ndilo neno kubwa la mapenzi kati yao, na mimi sijasoma neno dogo hivyo likabeba mzigo mkubwa hivyo.

Tarehe 17 inafika barua ya haraka kwa jina la fundi. Mwanamke mwenyewe ndiye anayempelekea. Kesho yake asubuhi fundi hayupo, vyombo vyake vimebaki. Zinafuata siku saba. Kila siku mfuko wa posta unafika, anauchambua wote, kadi za Noeli za watu wote zinapita mikononi mwake, na hakuna hata moja yenye jina lake. Usiku wa tarehe 24, kanisa limejaa, kinanda kinalia. Anajua ni nani kabla ya kugeuza kichwa. Baada ya Misa fundi anashuka, anapiga goti mbele ya watu wote, anatoa pete. Mwisho.

Nilipokimaliza nilikipeleka kwenye mazoezi ya kwaya, mtaa wa Kamalondo hapa mjini, na wakati wote wa Majilio kikapita mkono kwa mkono. Watu saba walikisoma. Kilirudi na matone ya mshumaa kwenye ukurasa wa 140, doa la mafuta kwenye wa 61, na kona moja iliyokunjwa kwenye wa 171. Hayo madoa ndiyo yaliyonifanya niandike, maana kila moja lina mtu wake.

Matone ya mshumaa ni ya mdogo wangu. Umeme ulikuwa umekatika, simu haina moto, akawasha mshumaa na kukisoma usiku mmoja. Asubuhi alikuja jikoni macho yamevimba. "Yaya, alirudi," akaniambia (yaya kwetu ni ndugu mkubwa), kama vile mimi sikukisoma. Kwake kitabu kimekamilika, hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Alitaka kukisoma tena siku ileile, ikabidi nimnyang'anye kwa sababu foleni ilikuwa inangoja.

Doa la mafuta ni la kijana mmoja wa besi anayeuza vipuri vya pikipiki. Aliacha palepale, ukurasa wa 61. Alinieleza kwa heshima, lakini alikuwa amekasirika kweli. Humo ndani, akasema, hakuna mtu anayehesabu pesa. Meza imejaa nyama, mikate, divai, mishumaa dirishani, na hakuna anayeuliza nani amelipa. Kwake Desemba ni mwezi wa hesabu: nguo za watoto, kuku, mchele, mafuta, na wageni ambao hawakusema kama wanakuja. Nikakifungua tena na kutafuta, na kweli, katika kurasa 238 bei ya kitu inatajwa mara moja tu, ya stempu. Namwunga mkono hapo. Mwandishi aliyejua uzito wa neno "endelea" angeweza kujua pia uzito wa kuku mmoja. Lakini kijana alikosea alipoongeza kuwa theluji si mambo yetu. Noeli yetu ni ya mvua, ya maembe, ya miti ya flamboyanti imewaka nyekundu kwenye barabara na matope mpaka kwenye kifundo cha mguu, hilo ni kweli. Ila mvua kubwa ya Desemba inapopiga mabati na kuwafungia watu ndani, mtu na mawazo yake, theluji ile unaielewa vizuri sana bila kuiona.

Kuhusu pete, sauti ya alto iligawanyika katikati. Wasichana walipiga vigelegele. Wakubwa wakauliza: mahari iko wapi? Alijitambulisha lini kwa familia? Baba wa msichana amekaa benchi la mbele na hakuna aliyemgeukia! Mimi niko na wakubwa, na sababu yangu imo ndani ya kitabu chenyewe. Mwandishi alitupa mzee mzuri sana, anayemwachia binti yake koti lake kila jioni halafu yeye anatetemeka nyumbani bila kusema. Mzee wa namna hiyo hafai kusahauliwa kwenye ukurasa wa mwisho. Ule upendo wa baba ulikuwa mkubwa kuliko pete.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na shida nyingine kabisa, na nilijifunza mengi kwake. Kwanza, alisema, kinanda kilichosawazishwa katika kanisa la baridi hakitabaki sawa usiku wa Noeli watu wakijaa. Hewa ikipata joto, sauti ya mabomba ya kawaida inapanda, lakini yale yenye ulimi wa shaba hayapandi kwa kiasi hicho, kwa hiyo yanaanza kugombana. Fundi wa kweli angejua. Pili, alitukumbusha kuwa kinanda kibovu usiku wa Noeli ni hadithi iliyozoeleka tangu zamani: wimbo wetu wa "Usiku Mtakatifu" uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 huko Oberndorf, Austria, maneno ya padri Joseph Mohr, muziki wa Franz Xaver Gruber, kwa sauti mbili na gitaa, na watu wakaja kusimulia kwamba ni kwa sababu panya walikuwa wametafuna mivukuto ya kinanda. Hiyo ya panya ni simulizi tu; gitaa ni kweli. Halafu akasema jambo ambalo bado naliwaza: angependa kusoma Noeli ya namna hii iliyoandikwa juu ya kwetu, mji alikofanya kazi Joseph Kiwele, aliyetunga Missa Katanga na kuziingiza ngoma ndani ya Misa kabla hajafariki mwaka 1961. Na mimi ningeinunua siku hiyohiyo, kwa bei yoyote.

Sasa ukurasa wa 171.

Ulikunjwa na mama mmoja wa soprano, mkubwa wetu, ambaye mume wake anafanya kazi Kolwezi, kilomita kama 300 kutoka hapa. Ni siku ya nne ya kungoja. Mwanamke amemaliza kuchambua barua, ameugeuza mfuko, ameukung'uta, halafu anauingiza mkono tena mpaka kwenye pembe, ingawa anaona uko mtupu. Mistari sita tu. Nilimwuliza mama kama alilia. "Apana, mwanangu. Kungoja njo vile." Alisema ni mara ya kwanza kuona kitabu kikijua kwamba mkono hauamini jicho.

Lakini mwisho aliukataa, na aliukataa kwa hasira ambayo sikuitarajia kwa mtu mpole kama yeye. Siku saba! Na mwanamke mwenyewe ndiye mwenye posta! Mstari mmoja tu ungetosha: nimefika, kuna matanga, ningoje. Kitabu kinaeleza safari ile kwa nusu ukurasa, kwamba kulikuwa na kifo nyumbani kwao, basi, halafu muziki unaanza na kila mtu anatakiwa afurahi. "Asipige kinanda kwanza," mama akasema. "Aombe kwanza msamaha. Kinanda kitafuata."

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa. Nilipokisoma mara ya kwanza nililia pale kinanda kinapolia, na silionei haya chozi lile. Nilikuwa na sababu yangu. Nilipokuwa mtoto papa alifanya kazi Kamina, na Noeli yetu ilitegemea treni. Treni ile ingeweza kuchelewa siku moja, ingeweza kuchelewa tatu. Mama alikuwa akituvalisha nguo mpya na kutupeleka kituoni, tunarudi, anatuvua, anazikunja, kesho yake tunavaa tena. Mwaka mmoja tulizivaa hivyo mara nne. Papa aliposhuka alikuwa na mfuko wa mahindi begani na alicheka, na sisi tulimrukia. Mama alisimama pembeni. Sikumbuki akimwuliza kitu, wala sikumbuki papa akisema kitu. Kwa miaka mingi niliihesabu siku ile kuwa Noeli nzuri kuliko zote nilizowahi kupata.

Usiku wa tarehe 24, baada ya Misa, mvua inanyesha, nilisoma tena kurasa za mwisho. Chozi lilikuja palepale lilipokuja mara ya kwanza. Ila safari hii nilikuwa namwangalia mwanamke amesimama katikati ya kanisa, pete mbele yake, watu wote wanatabasamu, na nafasi ya kuuliza "ulikuwa wapi" imeshapita.

Kwa hiyo kama mnaniuliza: kinunueni. Msiharakishe kurasa za kinanda, zisomeni polepole, jioni. Kurasa za siku saba ni kati ya kurasa bora nilizosoma juu ya kungoja. Sura ya mwisho imeandikwa kwa haraka na mtu aliyeogopa kuwaachia watu wake wawili waongee. Anayesoma ili apumzike kidogo, kama mdogo wangu, atapumzika vizuri. Anayesoma na jeraha lake la kungoja ajiandae.

Nakala yangu sinayo mkononi ninapoandika. Jana nilikwenda Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kwa yule mama wa soprano kuichukua, akaniomba niiache kwanza. Mume wake anafika kwa Bonane, yaani Mwaka Mpya. Ameiweka kitandani upande wa mume, kona ya ukurasa wa 171 bado imekunjwa, na hajaamua kama atamsomea yeye mwenyewe au atamwacha aione peke yake.