Uzoefu wangu na Garmin Xero C1 Pro: kupima risasi za .375, Nairobi hadi Limpopo

Kama una bunduki ya .375 H&H (aina ya risasi nzito ya kuwindia wanyama wakubwa) na unataka kujua risasi zako zinafanya nini hasa, kipima mwendo wa risasi hiki, Garmin Xero C1 Pro, kinastahili bei yake. Bei yenyewe si mchezo. Kilipotoka mwaka 2023 kiliuzwa dola 600 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi 75,000 kabla hujagusa usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 16. Lakini yeyote anayenunua risasi za .375 hapa mjini anajua kwamba hatuwezi kufyatua ovyo. Kila tundu kwenye karatasi lazima likufundishe kitu, na tundu peke yake halikuambii risasi ilitoka na mwendo gani.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo bunduki yangu ikiwa Nairobi kazi yake ni shabaha tu. Nikitaka nyati nasafiri hadi Limpopo, Afrika Kusini, na fomu yangu ya SAPS 520 (ya polisi wa kule, ya kuombea kibali cha kuingiza silaha kwa muda) mkononi, kwa rafiki ambaye hujijazia risasi mwenyewe, yaani hutia maganda baruti na kichwa kipya, kama wafanyavyo wawindaji wengi wa kule. Hapa nyumbani Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inazibana sana habari za risasi, nami sina leseni ya kuzitengeneza. Za kiwandani nazipima Nairobi, za kujazwa kwa mkono nazipima kule kule zinakojazwa.

Kifaa ni kidogo, kinaenea kiganjani, na kinatumia rada. Unakisimamisha kwenye kijistendi chake kando ya mtutu, unachagua aina ya silaha, unaandika uzito wa risasi, basi. Vile vya zamani vinavyotegemea mwanga ilibidi uvitangulize mbele ya mtutu na risasi ipite katikati yake. Jua likibadilika vinababaika, na kila ukitaka kuvirekebisha lazima uwanja mzima usimamishwe. Hiki hakimsumbui mtu. Kioo kinasomeka hata jua la saa sita likiwaka, na namba zote zinaingia kwenye simu kupitia programu ya ShotView.

Nilianza na risasi za kiwandani za greni 300 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi). Boksi linadai futi 2,530 kwa sekunde. Kwangu zilitoka kama futi 2,440. Sikulaumu kiwanda: namba za boksi hupatikana kwa mtutu wa majaribio, na huo kwa kawaida ni mrefu kuliko wangu wa inchi 22. Nyati haoni tofauti hiyo katika mita 60. Ila mimi nilikuwa nimekokotoa mshuko wa risasi wa mita 200 kwa namba ya boksi, na ikabidi hesabu yote irudiwe kwa namba ya bunduki yangu.

Utamu wenyewe ulikuwa Limpopo. Risasi hii ya Holland & Holland ni ya mwaka 1912, enzi za kodaiti, baruti ya zamani ya Waingereza. Ganda lake ni refu na limechongoka kwa mteremko, jambo linalofanya liingie na kutoka chemba (nafasi ya risasi nyuma ya mtutu) kwa wepesi. Lina pia mkanda karibu na kitako, na hapo ndipo lilipokusudiwa kuegemea ndani ya chemba. Rafiki yangu hafuati mkanda huo. Anarekebisha mashine yake ya kujazia ili ganda liegemee bega lake, pale linapoanza kupungua unene, kwa sababu ganda linaloachiwa nafasi hunyooka kila linapofyatuliwa, hadi siku moja likatike juu kidogo ya mkanda. Halafu anaubana mdomo wa ganda juu ya kichwa cha risasi, kwani bunduki hii inapiga teke kali, na risasi zilizobaki kwenye magazini zinaweza kusukumwa ndani na teke hilo. Mambo haya huyasomi kwenye kipimo chochote, lakini bila hayo namba za kipimo hazina maana.

Kwa bunduki yangu alijaza aina mbili, baruti tofauti, kichwa kile kile cha greni 300, akianzia chini na kupanda hatua kwa hatua bila kuvuka kiwango cha kitabu cha kampuni ya baruti. Aina ya kwanza ilinivutia mara moja: matundu matatu yakigusana katika mita 100. Ya pili iliyatawanya kidogo, kama upana wa boksi la kiberiti. Kwa macho tu ningeondoka na ile ya kwanza.

Kipima mwendo kikasema vingine. Ya kwanza ilikuwa inapanda na kushuka, risasi moja ikitoka kasi na inayofuata ikizubaa. Tukaacha chache juani kwenye boneti ya gari hadi zikawa moto kuzishika, kisha tukazipima: mwendo ulipanda karibu futi 60 kwa sekunde. Ya pili, iliyojazwa baruti ya kampuni ya Hodgdon, ya jamii ile iliyoundwa isiyumbishwe na joto, haikusogea kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Bunduki inayozoea asubuhi baridi za Nairobi inakwenda kufanya kazi kwenye joto la vichakani, na mwendo unaopanda kwa joto ni dalili kwamba shinikizo ndani ya chemba nalo linapanda. Ganda likikwama chembani wakati nyati aliyejeruhiwa anakuja, karatasi yenye matundu yanayogusana haitakusaidia kitu.

Nilichagua ya pili, na sijutii hata kidogo.

Kuhusu matundu matatu, nasema kwa msisitizo: hayatoshi. Matatu yanaweza kugusana kwa bahati tu. Lakini .375 ni nzito begani, na ukipiga nyingi kwa kikao kimoja mwili unaanza kuliogopa teke na ulengaji unaharibika. Ndiyo maana nakipenda kifaa hiki: kinahifadhi kila kikao. Napiga chache nikiwa mtulivu, narudi siku nyingine, na picha inajengeka polepole.

Kasoro zipo. Kinatoa mwendo wa risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu tu, hakifuati risasi hadi mbali kama LabRadar, kipimo kingine cha rada. Betri ni ya ndani, huwezi kuichomoa na kuweka nyingine, kwa hiyo ukienda porini beba chaja ya akiba. Pia hakipimi shinikizo. Mwendo ukizidi wa kitabu, hilo ni onyo la kusimama, lakini mwendo wa kawaida si hakikisho la usalama. Bado unakagua fataki (kile kiwashio kidogo cha baruti kilicho kitakoni) na kitako cha kila ganda.

Gharama ikikushinda, nunueni wanne au watano pamoja. Kwa bunduki moja kifaa kinafanya kazi yake kubwa mwanzoni, kisha kinakaa kabatini hadi ubadilishe risasi. Changu kwa sasa kiko kwa mwenzangu wa pale uwanjani, anapima bunduki yake ya risasi za 9.3x62.