Tathmini ya fomu ya mkataba wa kununua nyumba kwa awamu

Miaka mitatu iliyopita mimi na muuzaji wangu tulinunua mtandaoni fomu ya mkataba wa nyumba, ambayo kampuni inayoiuza hudai kuwa inafaa katika majimbo yote ya Marekani. Tulikuwa Ohio, na tulikubaliana nimlipe yeye mwenyewe kila mwezi, bila mkopo wa benki, huku hati miliki ikibaki kwa jina lake hadi nitakapomaliza deni. Fomu hiyo nimeitumia wakati wa masikilizano na wakati wa ugomvi, na ugomvi ndio ulionionyesha thamani yake.

Kwa upande wa hesabu sina lawama. Bei, kianzio, riba na tarehe za awamu zina nafasi zake, na jedwali la salio halijakosea hata mara moja.

Kasoro iko katika yale ambayo fomu imeyanyamazia. Imeandikwa kana kwamba mnunuzi peke yake ndiye anayeweza kushindwa kulipa. Mwaka wa pili ililetwa pale nyumbani barua ya benki, nikagundua kwamba muuzaji alikuwa bado na rehani juu ya nyumba hiyo, na kwamba hakuwa ameilipia kwa miezi kadhaa, ingawa mimi sikuwahi kuchelewa. Nilipomwuliza, mzee alijibu kwamba deni hilo ni lake na benki, halinihusu. Nikamwambia kwamba nyumba ikipigwa mnada, vyombo vitakavyotolewa nje ni vyangu. Tuliirudia fomu ituamue, tusipate hata sentensi moja.

Wakili ndiye aliyetufungulia sura ya 5313 ya sheria za Ohio, inayotaka mkataba wa namna hii utaje madeni yote yaliyo juu ya nyumba, na useme wazi kwamba muuzaji asipolipa rehani, mnunuzi anaweza kuilipa mwenyewe na kiasi hicho kikahesabiwa katika awamu zake. Sheria hiyo hiyo inamtaka muuzaji ausajili mkataba ndani ya siku 20 baada ya kutiwa saini. Katika fomu yetu usajili ulikuwa kijisanduku cha hiari, nasi tulikiruka, kwa hiyo kwa muda wote huo mtu yeyote aliyepekua kumbukumbu za kaunti hakuona dalili kwamba mimi nina haki yoyote juu ya nyumba ile.

Kifungu kibaya kuliko vyote ni kile kinachosema kwamba mnunuzi akichelewa siku 15, mkataba unavunjika na alichokwisha kulipa kinageuka kuwa kodi ya pango. Huko Ohio, mnunuzi aliyelipa kwa miaka 5, au aliyefikisha asilimia 20 ya bei, hawezi kuondolewa isipokuwa kwa shauri la mahakama na nyumba kuuzwa kwa amri yake. Na hata aliye chini ya hapo hupewa siku 30, kisha notisi ya siku 10, kabla ya kushtakiwa. Katika jimbo jirani la Indiana, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1973, katika shauri la Skendzel dhidi ya Marshall, kwamba mnunuzi aliyekwisha kulipa dola 21,000 kati ya 36,000 hastahili kupoteza vyote. Kwa hiyo kifungu hiki kinamponza hata muuzaji: akikiamini na kubadilisha kufuli, yeye ndiye atakayejikuta mshtakiwa. (Mzee wangu, namshukuru, hakufika huko.)

Nilipoiandikia kampuni, nilijibiwa kwamba fomu ni ya taarifa tu, si ushauri wa kisheria, maneno ambayo kweli yamo ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo sana. Wakili alituandikia nyongeza ya kurasa mbili, ikasajiliwa pamoja na mkataba. Sasa sehemu ya awamu yangu naipeleka benki moja kwa moja na kumpa mzee risiti. Gharama ya wakili ilizidi bei ya fomu mara nyingi.

Naipa nyota mbili kati ya tano, zote kwa ajili ya lile jedwali la salio.