Kura ya moyo au kura ya hesabu?

Mpiga kura wa Uingereza anaweza kuchagua chama anachokiamini, liwalo na liwe. Au atazame nani ana nafasi jimboni kwake, ampe kura mwenye nafuu ili asiyemtaka aanguke.

Hesabu hiyo imeletwa na mfumo wenyewe: majimbo 650, na anayeongoza hushinda hata bila kufika nusu ya kura. Mwaka 2024 chama cha Reform UK kilipata takriban asilimia 14 ya kura, kikaambulia viti 5 bungeni. Chama kingine, Liberal Democrats, kwa asilimia 12 tu, walivuna 72, maana kura zao zilirundikana palipohitajika, zikiwemo za wafuasi wa chama cha Labour waliotaka kuwang'oa Conservative, chama kilichokuwa madarakani.

Kura ya moyo nayo haipotei bure. UKIP, chama kilichotaka Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, mwaka 2015 walipata karibu kura milioni 4 na kiti 1, lakini hofu waliyowatia Conservative ilichangia kuleta kura ya maoni ya 2016 kuhusu kujitoa huko.

Kwenye ngome ya chama kimoja, mimi ningefuata moyo. Penye ushindani mkali, hesabu. Mkenya au Mtanzania anayeishi huko kihalali naye hupiga kura, kama raia wa Jumuiya ya Madola, mradi amejiandikisha.