Fataki za bunduki kwenye risasi za bastola: uzoefu wangu

Nafundisha walinzi wa kampuni binafsi hapa Kampala kutumia bastola. Risasi zetu zote ni za kiwandani. Uganda tuna Sheria ya Silaha za Moto ya 1970, na kujijazia risasi nyumbani bila kibali, yaani kutia fataki, baruti na kichwa kipya kwenye ganda lililotumika, ni kujitafutia jela. Kazi hii ya kujaza niliishuhudia Afrika Kusini nilipokwenda kozi, kwa mwenyeji wangu, Mtanzania aliyehamia huko na ana leseni ya kulenga shabaha.

Fataki za bastola, vile vikombe vidogo kwenye kitako cha risasi vinavyowasha baruti vikipigwa na pini, zilikuwa zimemwishia. Akatoa pakiti ya fataki ndogo za bunduki ndefu. "Kipenyo ni kilekile, afande." Kweli, zote ni kama milimita 4.45, na zilizama kwenye maganda ya 9mm bila shida. Lakini kikombe cha fataki ya bunduki ni kinene zaidi, maana kimetengenezwa kuhimili pigo zito na shinikizo kubwa.

Tulijaza 40, baruti akaianzia kipimo cha chini kabisa. Hapo nampongeza, kwa sababu ukibadilisha fataki umebadilisha moto, na moto ukibadilika shinikizo nalo hubadilika. Bastola yake ya nyundo ilifyatua 20 zote. Ile nyingine isiyo na nyundo, ambayo alikuwa ameilegezea springi ya pini ili kifyatulio kiwe laini, na pigo likapungua nguvu, iligoma mara 6. Nilikota moja nikaigeuza juani: alama ya pini ilikuwa kidimbwi kidogo tu, hata punje ya mtama isingekaa humo.

Nne zililia kwa pigo la pili, na hizo sikuzihesabia ugumu wa kikombe peke yake. Mara nyingi fataki ambayo haikukandamizwa hadi mwisho hulipokea pigo la kwanza kwa kuzama tu. Pitisha kidole gumba kwenye kitako cha risasi: fataki iwe chini kidogo ya usawa wa ganda. Ikijitokeza, usiiweke kwenye magazini.

Fataki kubwa za bunduki ni habari nyingine. Zimeizidi ile kubwa ya bastola kwa kimo, kama milimita 0.2, kwa hiyo hubaki zimechomoza. Hizo nasema hapana, hata ukikosa za kufanyia mazoezi mwaka mzima.

Miezi kadhaa baadaye, uwanjani kwetu, mlinzi mmoja akaita: "Afande, imekataa!" Mkono wake ulikuwa tayari kwenye slaidi. Nilimzuia. Bastola ielekee shabaha, tuhesabu hadi 30, kwa sababu fataki huweza kuchelewa kisha ikalia. Tulipoitoa ile risasi, nilikuta kidimbwi kilekile kidogo. Boksi zima nikalirudisha stoo, na springi ya bastola ile nikaomba ibadilishwe kabla ya zamu ya usiku.